Bomba la Nyuma la Gari la Mama

Mara ya kwanza mama yangu alipoingia kwenye mashindano ya magari, mlango wa nyuma ulifunguka wenyewe kwenye kona na tairi la akiba likaruka nje. Likabingirika katikati ya watazamaji, likavuka mfereji, likaingia kwenye shamba la mihogo la watu. Mama hakujua. Aliendelea kukata kona zake huku mlango ukipigapiga nyuma, hadi akavuka mstari wa chokaa na kusimama. Aliposhuka akakuta uwanja mzima unacheka, naye akaanza kucheka kabla hajaambiwa sababu.

Daktari aliyekuwa ameshika saa alimwuliza kwa upole, "Mama, tuandike muda wako au wa tairi?"

"Andika wa aliyefika kwanza," mama akajibu.

Hiyo ilikuwa Kibondo, kwenye uwanja wa changarawe nje kidogo ya mji. Mchezo wenyewe aliuanzisha huyo daktari, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa huku kikazi, ambaye Jumamosi zake zilikuwa zimemchosha kwa kukaa bure. Madumu ya njano yaliyojazwa udongo hupangwa uwanjani kwa kupindapinda. Kila gari huingia peke yake na kupita kati ya madumu kwa mpangilio uliokubaliwa. Anayemaliza upesi bila kuangusha dumu ndiye mshindi, na zawadi ni chupa ya asali. Sharti ni moja tu: gari liwe lile lile unalotumia kila siku, lije kwa miguu yake na lirudi nyumbani kwa miguu yake.

Mama alikuwa ameshapita umri wa miaka sitini. Sehemu kubwa ya maisha yake aliendesha pikapu ya maharage, akiyachukua Kitanga, Makere na Heru Juu na kuyaleta soko la Kasulu. Wakati wa masika barabara zile zilikuwa tope tupu, na mama alijifunza kuliacha gari liteleze makalio kidogo, kisha kulirudisha kwa usukani kama mtu anayemrudisha mtoto njiani. Magoti yalipoanza kukataa kupanda pikapu, aliiuza akanunua gari dogo la milango mitatu, rangi ya maziwa. Mimi ni kitinda mimba wake. Ni fundi cherehani, nina kibanda changu karibu na soko la Kasulu, na ndimi niliyekuwa nikimsindikiza Kibondo, kwa sababu ndugu zangu wengine walisema hawataki kuona.

Tuliporudi Kasulu baada ya lile sekeseke la tairi, tulipita dukani kwa rafiki yetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Babu zake walitoka Tanga, naye bado anaongea Kiswahili cha kwao, laini, kisicho na haraka. Yeye pia hushindana, kwa pikapu yake ya kubebea mabati. Ni wa rika langu, na mama humwita mwanangu.

"Shikamoo Mama," akasema. "Nimesikia tairi lako limekwenda kuchimba mihogo."

"Marahaba mwanangu. Kitasa kimekufa, nitafutie kingine."

"Kitasa hakina tatizo. Ngoja nikuonyeshe."

Akaleta jeki, akaipandisha kona moja ya nyuma mpaka tairi likaacha ardhi. Kisha akamwambia mama afungue mlango wa nyuma na kuufunga. Ulifunguka vizuri. Kuufunga ikashindikana. Kitasa kilikuwa kinapita pembeni ya ndoano yake kwa upana wa kidole.

"Umeona? Gari linajikunja," akasema. "Lina tundu kubwa nyuma na halina nguzo. Ukikata kona kwa kasi, bodi nzima inapinda, na mlango unakosa mahali pake."

Mama aliinama akatazama. Mimi nililielewa jambo lile kwa njia ya kazi yangu. Kwenye mkoba nilikuwa na kipande cha kitenge cha pembe nne. Nikakivuta kwa kufuata uzi, kikakaa vilevile. Nikakivuta hanamu, pembe kwa pembe, kikarefuka na kupoteza umbo.

"Tundu la mlango wako linafanya hivi, Mama."

"Na nyie mafundi mnazuiaje kitambaa kisifanye hivyo?"

"Tunashona utepe. Unapita palepale panapovutika."

"Basi tulishonee gari utepe," mama akasema, na kwa mwezi mzima uliofuata hatukuwa na mazungumzo mengine.

Rafiki yetu wa dukani alitueleza kwamba watu wa mashindano huko nje hukaza bodi ya gari kwa mabomba, na mahali pa kuyaweka ni hasa patatu. Bomba la kwanza hukaa mbele, chini ya boneti, likiunganisha vichwa vya shokapu mbili za mbele. La pili hupita chini ya sakafu ya gari. La tatu hukaa nyuma ya kiti, kati ya shokapu za nyuma. Yeye angetaka tuweke yote matatu, kwa kuwa ni mtu anayependa vitu vikamilike.

Mama alilikataa la chini papo hapo. "Njia ya kwetu Heru Juu ina tuta katikati," akasema. "Hili gari linalijua kila jiwe kwa tumbo lake. Ukining'iniza bomba huko nitalima barabara."

La nyuma nalo akalikataa, kwa sababu mle ndimo anamoweka mizigo. Pikapu ameiuza lakini biashara haijamtoka damuni. Hakuna safari anayorudi bila gunia la maharage, unga wa muhogo, kuku wawili watatu, au ngoma ya kwaya ya kanisani ambayo haiingii kwenye gari lingine lolote la waumini. Likabaki la mbele. Hatukulichagua kwa sababu yoyote zaidi ya kwamba halikumsumbua mtu.

Rafiki yetu akaagiza kutoka Dar es Salaam. Likaja na basi, limefungwa kwenye maboksi kama bibi harusi, jekundu, linang'aa hata ukiliweka kivulini. Siku ya kulifunga walikusanyika watu mbele ya duka, wenye bodaboda, muuza chipsi, hata mwalimu mmoja aliyekuja kununua misumari. Bolti ziliingia vizuri, na mama akarudi nyuma hatua chache ili alitazame vyema.

"Zuri," akasema. "Linastahili kuvaliwa."

Kisha tukafunga boneti, nayo ikakataa kushuka. Lile bomba lilikuwa limepinda juu kidogo katikati, kwa ajili ya injini ya namna nyingine, na boneti ilikuwa inalikalia. Rafiki yetu akaisukuma kwa kiganja, halafu kwa viwiko, halafu akaikalia kabisa na kanzu yake nyeupe. Boneti ikabaki imeachama.

"Sasa," mwalimu wa misumari akasema, "hilo gari litakuwa linapiga miayo njia nzima."

Rafiki yetu ndiye aliyecheka kuliko wote, akiwa bado amekaa juu ya boneti. Bomba likatolewa. Akalitundika dukani nyuma ya kaunta, na mpaka leo anatundikia kofia.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Kibondo kwa fundi wa kuchomelea aliyependekezwa na daktari. Alikuwa kijana wa Kiha, lakini kazi alifundishwa na Mkongo mmoja, akaichukua na lugha ya mwalimu wake humo humo. Mama akamsalimia kwa Kiha, "Mwakeye," akaitikia kwa heshima, kisha akaanza kulizunguka gari.

"Iko namna gani, Mama? Inafunguka yenyewe?"

"Yenyewe. Bila kubisha hodi."

Kijana akasema hatachoma kitu kabla hajajua gari linajikunjia wapi, na kwamba mti ni rahisi kukata kuliko chuma. Nyuma ya karakana yake kulikuwa na miti ya mikaratusi iliyokatwa kwa ajili ya kujengea. Akachagua mmoja ulionyooka, akaukata sawasawa na nafasi iliyoko kati ya vichwa vya shokapu za mbele, akaupachika kwa nyundo. Tukapandisha kona ya nyuma kwa jeki. Mlango wa nyuma ukakosa kitasa kama kawaida yake. Nafasi ilikuwa ileile, upana wa kidole.

Nikamtazama mama. Sote wawili tulikuwa tunalifikiria lile bomba jekundu na fedheha yake, na jinsi ambavyo hata kama lingeenea lisingetusaidia.

Kijana akautoa mti, akakata mwingine wa kukaa nyuma ya kiti, kulia kwenda kushoto, kutoka shokapu hadi shokapu. Safari hii mlango ukakaribia, lakini bado ukagoma.

"Iko karibu," kijana akasema. "Ikishakuwa chuma itatosha."

"Jaribu hanamu," nikamwambia. "Kutoka juu ya shokapu hii mpaka sakafuni upande wa pili."

"Dada, moja inatosha. Ya pili ni uzito wa bure."

"Ni mti tu. Kata."

Akakata, akiwa na uso wa mtu anayemridhisha mteja. Alipoupigilia mahali pake tukapandisha jeki tena, na mama akausukuma mlango kwa vidole viwili. Ukajifunga kwa sauti ndogo, nzito, kama mlango wa friji. Akaufungua tena, akaufunga tena. Akarudia mpaka tukamwomba aache.

"Sasa pandisha upande wa pili," kijana akasema, naye akiwa ameshapata hamu.

Tukapandisha upande wa pili, na ule mti wa hanamu ukaanguka wenyewe ukapiga sakafu. Tukashtuka wote. Halafu kijana akapiga kofi la furaha kwenye paja lake. "Bien! Upande huu pembe zinaachana, upande ule zinakaribiana. Mti unajua kusukuma tu, kuvuta hauwezi. Chuma itafanya zote mbili." Akanigeukia. "Dada, ulisema kweli. Nani alikufundisha?"

"Kitenge," nikasema.

Mama wakati huo alikuwa amesimama nyuma ya gari, mikono kiunoni, akiitazama nafasi ya mizigo yake ikiwa imekatwa na miti miwili. Kisha akauliza, "Na gunia langu litakaa wapi?"

Hilo ndilo lililotuchukua mchana mzima. Kijana alitaka kuchomelea mabomba moja kwa moja kwenye bodi, kwa sababu hivyo ndivyo yanavyokuwa imara zaidi. Mama akasema gari lisilobeba gunia ni kiti chenye tairi. Mwishowe wakakubaliana kwamba vitachomelewa vipande vya bati nene kwenye bodi, na mabomba yafungwe hapo kwa bolti, ili mwenye spana aweze kuyatoa na kuyarudisha.

Ikabaki kuchagua chuma. Kijana alikuwa na aina tatu: nondo, bomba la mraba na bomba jeusi la mviringo. Akaanza kueleza ubora wa kila moja, lakini mama akamkatisha na kuomba mawe mawili. Akayaweka mbele ya karakana, akalaza nondo juu yake, akavua kandambili na kupanda katikati, mkono mmoja begani kwangu. Nondo ikabonyea. Akashuka, akaweka bomba la mraba, akapanda. Halikubonyea, lakini alipolinyanyua akalitua haraka na kusema lina uzito wa mtoto aliyeshiba. Akalaza bomba la mviringo, akapanda. Likakaa kimya. Akajitikisa juu yake. Wapita njia walikuwa wamesimama, na mama mmoja mwenye ndoo kichwani akamwuliza kwa Kiha kama anatafuta kitanda.

"Ego," mama akamjibu, ndiyo, huku bado anajitikisa. "Cha gari."

Tukachukua la mviringo. Lilikuwa na tundu ndani na jepesi kuliko nondo tuliyoiacha, jambo ambalo mama alilisimulia kwa watu wengi baadaye kama muujiza. Kijana akachomelea tukiwa tunakula ugali na maharage kwenye mgahawa wa jirani, na tuliporudi mabomba yalikuwa mahali pake, moja likivuka, jingine hanamu, yamepakwa rangi ya buluu kwa sababu ndiyo iliyokuwa imefunguliwa.

Tulikuwa bado hatujafika mbali na Kibondo nilipoona mabadiliko. Mlio fulani wa kukwaruza, ambao ulikuwa sehemu ya gari lile tangu linunuliwe, ulikuwa umenyamaza. Tulipofika Makere mama akaona maharage mazuri yameanikwa kando ya barabara, akasimama. Akatoa spana kutoka chini ya kiti na kufungua bolti mwenyewe, akipiga magoti nyuma ya gari mbele ya wauzaji wote. Magunia yakaingia. Mabomba yakakosa nafasi, na hivyo nikayabeba mapajani hadi Kasulu, ncha moja ikiwa imetokeza dirishani kama mkuki.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia ni kwamba gari lililokazwa nyuma hubadilika tabia. Tulilijaribu kwenye kiwanja kilichoachwa cha wafyatua matofali, nje ya Kasulu, nikiwa nimekaa pembeni ya mama. Kwenye kona ya kwanza makalio ya gari yakachomoka. Tukazunguka, vumbi likatufunika, na gari likasimama likitazama tulikotoka. Nilikuwa nimeshika kila kinachoshikika.

Mama hakuondoa mikono kwenye usukani. Kisha akasema taratibu, "Kumbe."

"Kumbe nini?"

"Zamani lilikuwa linajikunja kwanza, ndipo linateleza. Nilikuwa nangoja. Sasa linateleza papo hapo." Akaweka gia. "Kama ile pikapu kwenye tope."

Rafiki yetu wa dukani, aliyekuja kutazama, alishauri tulitoe lile la hanamu kwanza, mpaka mama azoee. Mama akakataa. Akapunguza upepo kidogo kwenye tairi za nyuma, akarudi uwanjani, na alasiri ile nzima alizunguka peke yake katika vumbi jekundu. Mara ya kwanza kupita mbele yetu alikuwa ameuma midomo. Baadaye nikaona meno. Mwisho kabisa alikuwa anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti iliyopita ile ya injini, na gari likipinda kwa makalio kuzunguka rundo la matofali bila kuligusa.

"Huyo," rafiki yetu akaniambia, "tumemharibu."

Siku ya mashindano Kibondo kulikuwa na jua baada ya mvua ya usiku, na changarawe ilikuwa imeshikamana vizuri. Kila dereva alipewa nafasi mbili. Ya kwanza mama aliingia na pupa, akaangusha dumu la pili kutoka mwisho, akarudi akilitukana dumu kwa Kiha. Nilimpa maji, nikakagua bolti kwa spana, zote zilikuwa zimekaza.

"Mlango?" akauliza.

"Umefungwa. Haujatikisika."

"Basi ni mimi tu," akasema, na ilionekana kwamba habari hiyo imempendeza.

Nafasi ya pili aliingia taratibu, ikaonekana kama amekata tamaa, lakini alipofika kona ya tatu nikaelewa alichokuwa anafanya. Alikuwa analigeuza gari kabla ya dumu, likija ubavu, na likifika kwenye dumu tayari pua imeshatazama linalofuata. Hapakuwa na kupapasa. Madumu yalibaki yamesimama moja baada ya jingine. Watu walianza kupiga vigelegele akiwa bado katikati. Kijana wa karakana alikuwa amekuja na nguo zake za kazi, akawa anaonyesha kidole nyuma ya gari na kumwambia kila aliye karibu, "Ile buluu ni sudire yangu, mimi nilichoma. Ile buluu."

Mama akavuka mstari. Daktari akatazama saa, akamwonyesha jirani yake, akaitazama tena. Mama alikuwa wa pili. Pikapu ya mabati ilikuwa imemtangulia kwa sekunde isiyotimia, na daktari mwenyewe, aliyeshindana pia, alikuwa amebaki nyuma yake.

Rafiki yetu alipokea chupa yake ya asali kwa mikono miwili, akageuka akampa mama. Mama akaikataa. "Nitaichukua mwenyewe mwezi ujao," akasema. "Hiyo kanywee chai na watoto." Lakini alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo sijawahi kuiona tangu alipouza ile pikapu, na kila aliyemsogelea alimwonyesha mabomba, akimwelekeza aguse, akimweleza kwa nini moja limelala na jingine limekwenda hanamu, na kwamba la hanamu ni wazo la mwanawe.

Watu walipoanza kutawanyika, madumu yalikuwa bado yamepangwa. Mama akanipa funguo.

"Mimi?" nikamwuliza. "Mama, mimi naendesha kwenda sokoni tu."

"Ingia. Nitakaa pembeni."

Nikaingia. Nikavuta kiti mbele, nikafunga mkanda. Mama akafunga wake na kushika mpini wa juu ya dirisha. Dumu la kwanza nikaliangusha, na la pili. Kwenye la tatu nyuma kukachomoka, nikapiga kelele, na mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Usiogope, mfuate," nikageuza usukani kufuata makalio yalikokwenda, na gari likatulia kama lilivyoambiwa. Dumu la nne lilibaki limesimama. Nikamsikia mama akicheka karibu na sikio langu, nikakanyaga mafuta.